Chupa Isiyo na Sababu

"Kaeni vilevile mlivyokaa siku ile," Inspekta alisema, "na kila mtu aweke chupa yake mbele yake."

Wazee watatu waliangaliana. Walikuwa katika chumba cha nyuma cha studio ya picha, chumba chenye meza ya duara, viti vinne, na pazia kubwa lililochorwa maporomoko ya maji, ambalo wateja walilikimbia tangu walipojua kujipiga picha wenyewe kwa simu. Daktari wa Meno alikaa wa kwanza, mgongo umenyooka kama yeye ndiye aliyeitisha kikao. Dalali wa viwanja alijibwaga kitini akaanza kujipepea kwa kofia. Mpiga Picha, mwenye studio, alikaa mwisho. Kiti cha nne kilibaki kitupu, na hakuna aliyekitazama.

Kilikuwa kiti cha Fundi, mshona suti. Jumamosi iliyopita alikaa pale, akanywa, uso ukamwiva, akasema anatoka kupata hewa, akaanguka kwenye ngazi za nje. Hospitali walipokea maiti. Kwenye damu yake walikuta wiski, tena si nyingi, pamoja na dawa ambayo Inspekta alilazimika kumwomba mkemia amweleze polepole: vidonge vya kuacha pombe. Peke yake dawa ile haina neno. Ikikutana na pombe mwilini, uso unawaka, pumzi inakata, presha inaporomoka. Na kwa mtu mwenye moyo mbovu kama Fundi, basi tena.

Mdogo wa marehemu hakungoja hata matanga yaishe. Alifika kituoni na vidonge alivyovikuta jikoni kwa kaka yake, vimefichwa ndani ya kopo la chumvi. "Shemeji kamuua kaka yangu," alisema, na mfamasia akaongezea kwamba mnunuzi wa vidonge ni mke, kila mara, peke yake. Mke wa Fundi akawekwa ndani. Aliulizwa kama mumewe alijua kwamba anakula dawa ile, akanyamaza. Aliulizwa tena kwa upole, akazidi kunyamaza. Mkuu wa kituo alitaka faili liende kwa mwendesha mashtaka kesho asubuhi, kwani kwake yeye mtu akinyamaza mahabusu ameshakiri nusu. Inspekta alikuwa amebakiwa na mchana huo mmoja tu, na alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na kesi zinazojifunga zenyewe.

"Nielezeni desturi yenu," alisema.

Daktari wa Meno alikohoa kidogo. "Ni kikao cha waungwana, Inspekta. Mara moja kwa mwezi. Kila mmoja analeta chupa ya wiski aliyoinunua karibuni, na anaeleza sababu ya kuinunua. Chupa bila sababu hatuipokei. Mtu akishaeleza, kizibo kinazungushwa, kila mmoja ananusa. Ndipo kila mtu anajimiminia ya kwake."

"Hamuonjeshani?"

Dalali aliangua kicheko, kisha akakumbuka msiba akakikata. "Zamani tulionjeshana, dada yangu. Sasa kulikuwa na bwana mmoja, alishahama, analeta kitu hata kunguni hakitaki, halafu anapitia za wenzie mpaka anabebwa. Tuligombana hapa mpaka viti vikaruka. Tangu hapo sheria ni moja: mkono wako, chupa yako. Ya mwenzio unanusa kizibo tu."

"Haya. Nipeni sababu zenu kama mlivyozitoa siku ile. Daktari, anza."

Daktari aliigeuza chupa yake ili nembo imtazame Inspekta. "Hii niliinunua kwa ajili ya pipa. Imelala kwenye mapipa yaliyowahi kuwekwa mvinyo mtamu. Kwa hiyo unapata zabibu kavu, ganda la chungwa, na mwisho kabisa, kwa mbali, ngozi ya viatu vipya."

"Ngozi ya viatu."

"Kwa mbali, Inspekta."

"Mimi sina viatu," Dalali alidakia. "Kuna kiwanja kilininyima usingizi mwaka mzima, kila mteja anaona bonde. Siku nilipokiuza nikaingia dukani moja kwa moja, nikamwambia muuzaji, nipe yenye boksi zuri. Ndiyo hiyo sababu. Boksi kachukua mama watoto, anawekea nyuzi zake."

Inspekta alikigeukia kiti kitupu. "Na Fundi?"

Mpiga Picha ndiye aliyejibu, sauti chini. "Rangi. Alisema aliipendea rangi. Akaishika kwenye taa akasema, oneni, kama suti ya kahawia ikikaa juani."

"Siku hizi sababu yake ilikuwa hiyohiyo," Daktari alisema. "Rangi, rangi, rangi. Na yeye ndiye aliyekuwa na pua kutushinda wote! Zamani ukimzungushia kizibo anakwambia mpaka pipa lilikaa upande gani wa ghala. Halafu ghafla mtu anazungumzia rangi kama ananunua pazia."

"Na unywaji wake je, umesahau?" Dalali alisema. "Sisi tunalamba lamba hapa kama paka, yeye anapiga funda kubwa, glu, kama katoka shamba. Nikamwambia, bwana wewe, hiyo si maji. Akacheka."

"Na Jumamosi alipiga funda kubwa?"

"Moja tu. Halafu akaiweka glasi chini, hakuigusa tena. Uso ukaanza kuiva. Mimi," Dalali alishusha kofia yake mapajani, "mimi nilimtania. Nikasema leo imekushika mzee. Mungu anisamehe."

"Ni mtu wa meno mimi," Daktari alisema ghafla, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nilimwona anatoka jasho. Nikadhani ni kileo. Ningeinuka, ningemshika mapigo. Sikuinuka."

Inspekta akamgeukia Mpiga Picha. Alikuwa mzee mwembamba, bega la kulia limeshuka kwa kubeba mikoba ya kamera maisha yake yote. Mbele yake palikuwa na chupa ghali kuliko zote, imebaki chini ya nusu.

"Na wewe mzee? Sababu yako?"

"Sikuwa nayo. Nilinunua, nikanywa glasi moja, basi."

"Tulimtoza faini," Dalali alisema. "Aoshe glasi zote. Tangu tuanze haijatokea. Mtu analeta chupa ya maana namna hiyo, anaulizwa umenunua kwa nini, anasema nimenunua tu, mchana huu, nimepita nikaiona."

Inspekta alikuwa bado anaitazama chupa ile Sajenti alipobisha mlango. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na miguu mibovu, na ukimwona ameharakisha ujue ana jambo. Alimpa afande wake karatasi ya mkemia, kisha akamnong'oneza maneno ambayo, kwa bahati mbaya ya sauti yake, yalifika mpaka kwenye maporomoko ya maji.

"Mhudumu wa baa ya hoteli kathibitisha, afande. Fundi alikuwa anakwenda kuchukua chupa tupu za wiski. Anachagua zile za majina makubwa, na vizibo vyake."

"Chupa tupu!" Daktari alipiga paja. "Anachakachua! Nilijiuliza mimi. Mtu kafunga duka lake, cherehani hailii, na kila mwezi anakuja na chupa ya maana. Kumbe alikuwa anapika pombe bandia!"

"Funga mdomo wako," Mpiga Picha alisema.

"Lakini ushahidi..."

"Nimesema funga mdomo! Udongo wa kaburi haujakauka, wewe unamwita mwizi." Alikuwa amesimama. "Mtu akiishiwa, ameishiwa. Si kosa. Anajisitiri anavyoweza." Akavuta pazia akaenda mbele ya studio, na wakamsikia akiinua na kushusha vitu ambavyo havikuhitaji kuinuliwa.

Inspekta alisoma karatasi. Kilichokuwa kwenye chupa ya Fundi, mkemia alisema, ni wiski halisi, yenye harufu kali ya moshi, isiyolingana kabisa na nembo iliyobandikwa nje. Chini kabisa palikuwa na mabaki kidogo ya chai na sukari iliyoungua.

"Unaona, afande," Sajenti alisema walipofika kwenye gari. "Chai na sukari ya kuunguza, ndizo dawa zao hao. Wanaongezea rangi. Labda kuna mteja aliyemuuzia feki, akalipiza."

"Labda. Twende nyumbani kwake."

Nyumba ya Fundi ilikuwa na chumba cha mbele ndicho karakana. Jikoni Sajenti alipata alichokitaka. Chini ya sinki palikuwa na chupa tupu zimepangwa, faneli ya plastiki, na sufuria ndogo ambayo ukoko wake wa sukari nyeusi haukutoka hata kwa kucha. Chupa mbili zilikuwa zimejazwa tayari.

"Kiwanda, afande!"

Inspekta alizibua moja, akamimina kwenye kisosi, akanusa, akachovya kidole, akalamba. Sajenti alishtuka.

"Afande, sumu!"

"Chai," Inspekta alisema. "Chai ya rangi, imepoa, na sukari iliyoungua kidogo. Hakuna hata tone la wiski. Kizibo ndicho kinachonuka wiski, kwa sababu ni kizibo cha kweli. Onja."

Sajenti alionja, akakunja uso, akaonja tena kuhakikisha. "Sasa hii atamuuzia nani? Mteja atarudi na rungu kabla hajafika kona."

"Ndiyo maana hakumuuzia mtu. Alikuwa anakunywa mwenyewe."

Alirudi karakana. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka safi, lakini meza ya kukatia ilikuwa na kazi. Palikuwa na koti la rangi ya majivu, limepigwa bandi, mshono wa muda, kwa uzi mweupe, kola imeshakaa, bitana imeshikizwa. Mikono ndiyo haikuwepo. Inspekta aliinama akautazama mshono wa mfuko wa kifuani. Ulikuwa mdogo, umenyooka, kila hatua sawa na mwenzake.

"Mdogo wake alisema kwa nini duka lilifungwa?"

"Mikono, afande. Ilikuwa inamtetemeka kwa pombe hata uzi hauingii kwenye tundu la sindano. Alimharibia suti mtu mmoja mkubwa, akaona aibu, akafunga."

"Huu si mshono wa mtu anayetetemeka."

Sajenti aliinama naye, akautazama. Inspekta alipitisha kiganja kwenye mabega ya koti. La kushoto lilikuwa na pedi ya kawaida. La kulia lilikuwa limeongezwa tabaka mbili, kwa uangalifu mkubwa, ili atakayelivaa aonekane yuko sawa pande zote. Alisimama pale kwa muda, kiganja bado kiko juu ya bega lile.

"Sikiliza, Sajenti. Vidonge vile ni sumu kwa nani?"

"Kwa mtu anayekunywa pombe."

"Na kwa mtu anayekunywa chai?"

"Havimfanyi kitu," Sajenti alisema.

"Havimfanyi kitu. Huyu bwana alikuwa ameacha pombe, anakula dawa yake, na kila mwezi anakwenda kukaa na wenzie na chupa ya chai. Anapiga mafunda makubwa kwa sababu chai ndivyo inavyonywewa. Anasifu rangi kwa sababu kitu kingine cha kusifu hakipo. Jumamosi akapiga funda kubwa kama kawaida, na ndani palikuwa na wiski." Alilifunika koti kwa shuka. "Chupa ilitoka hapa na chai. Mtu aliimwaga akajaza wiski. Mkemia kaona mabaki tu ya chai chini, kwa hiyo kilichofanyika si kuchanganya. Mtu alibadilisha."

"Mke?"

"Mke anayeunguza sukari ili mumewe apate chai ya rangi nzuri? Hapana."

Mke wa Fundi aliletwa kutoka mahabusu akiwa peku, kanga imekazwa kichwani, akakaa bila kuambiwa. Inspekta hakuuliza kitu. Aliweka mezani chupa yenye nembo kubwa ya dhahabu, akazibua, akamimina glasi mbili, akanywa yake.

"Rangi imepatikana sana, mama. Ni wewe uliyeunguza sukari, au yeye?"

Mama alikitazama kizibo.

"Yeye hajui," alisema mwishowe, na ilikuwa mara ya kwanza kituo kizima kusikia sauti yake. "Akiunguza yeye inakuwa chungu. Anaiacha motoni anazungumza na kitambaa chake."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Aliniapisha."

"Mama, ungefungwa."

"Najua." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Wale watu ndio alionao, mwanangu. Wazazi hana, mtoto hatukujaliwa, mdogo wake ndiyo huyo mmemwona. Aliniambia, nikiwaambia nimeacha watanionea huruma, wataficha chupa zao mbele yangu, kikao kitakufa na mimi ndiye nimekiua. Acha nikae nao nikinywa chai, mwisho wa mwezi nisikie wanavyodanganyana. Hata dawa kwenda kuchukua aliona haya, nikawa nakwenda mimi. Sasa mtu kafa hata wiki haijaisha, nije nimvue nguo mbele ya polisi? Nilisema moyoni, wacha waniweke."

Inspekta alimsogezea glasi ya chai.

"Alikuwa awaambie," mama aliendelea, taratibu zaidi. "Koti likiisha. Alisema mwezi ujao sipeleki chupa, napeleka koti, wakiniuliza sababu ndipo nitawaambia yote, na mikono yangu watakuwa wanaiona. Imebaki mikono tu ya koti. Alikuwa na furaha siku hizi, mwanangu. Ungemwona na sindano yake."

Sasa ilibaki chupa moja.

Mpiga Picha alikuwa anaosha glasi Inspekta alipomkuta, peke yake, kwenye sinki lile alilooshea filamu enzi za filamu. Wenzake walishaondoka. Inspekta aliichukua mezani ile chupa ghali, akanusa kizibo, moshi uleule aliouandika mkemia, akaja nayo.

"Mzee, hii uliinunua mchana wa Jumamosi. Hapa mkono wako, chupa yako, kwa hiyo hakuna mwingine aliyeigusa. Umesema ulikunywa glasi moja." Alichukua glasi safi akamimina kwa kipimo chao, akairudisha wiski chupani. "Glasi moja ni hiyo. Iliyopungua zaidi ya hapo ilikwenda wapi?"

Mzee alifunga bomba. Hakuonekana mtu aliyekamatwa. Alionekana mtu aliyechoka kukaa na jambo peke yake.

"Nitakwambia, binti, ila isifike kwa wale wawili. Hasa Daktari." Alikausha mikono. "Mwezi uliopita umeme ulikatika tukiwa mezani. Nikapapasa, nikashika glasi ya Fundi badala ya yangu. Nikanywa. Chai. Chai baridi. Nilikaa nayo mdomoni nikakosa hata pa kuitema. Umeme uliporudi ananicheka, ananiambia mbona umeganda. Sikumwambia."

"Ukafikiri nini?"

"Ningefikiri nini? Duka limefungwa. Kila nikipita naona mlango una kufuli. Nikasema, ndugu yangu kafilisika, hana hata cha kununulia chupa, anaogopa tutamcheka kama tulivyomcheka yule mwenye vitu vya ovyo. Sikulala. Mimi na Fundi tumetoka mbali. Picha yangu ya harusi nimevaa suti yake, ya kukopa, alinishonea sina kitu mfukoni, hakuwahi kuitaja. Sasa nimpe pesa? Angenitupia. Nikanunua hii. Hii ndiyo ya kwanza tuliyoonja pamoja tukiwa vijana, tukaapa tukizeeka tutaikamata nzima."

"Jumamosi alifika mapema?"

"Kawaida yake. Aliweka mfuko wake hapo mezani akaenda mbele kutazama picha za zamani. Nikamwaga chai hapa kwenye sinki, nikamjazia. Wengine walipoingia wakaniuliza sababu." Alitabasamu kidogo, tabasamu la kujionea haya. "Sababu imekaa mbele yangu imevaa tai. Ningeisemaje?"

"Alipokunywa?"

"Alipiga funda lake lile. Akashtuka. Akanitazama, maana alijua ni mimi tu ningeweza. Akasema polepole, wenzetu wanabishana mambo ya mapipa hawasikii, akasema, 'Ni wewe?' Nikamkonyeza. Akanishika mkono chini ya meza, binti, akanibana, akanibana kwa nguvu, wala hakuniachia mpaka aliposimama kwenda nje. Nikajua nimemfurahisha rafiki yangu siku yake ya mwisho. Ndilo linalonipa usingizi, maana mengine... huyo shemeji sijui alipatwa na nini."

Inspekta alikuwa amewahi kuwaambia watu kwamba watoto wao ni wezi na waume zao wana nyumba mbili. Kazi ile alikuwa ameizoea. Hii alitamani ampe Sajenti, lakini Sajenti alikuwa kwenye gari, na mzee alikuwa anamtazama yeye.

Akamwambia yote, vidonge, moyo, mikono iliyoacha kutetemeka, kwamba duka lilifungwa kwa aibu wala si kwa njaa, na kwamba mke alikuwa tayari kufungwa ili siri isitoke.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alitafuta kiti bila kukitazama, akakikosa, Inspekta akamshika.

"Lakini angesema," alisema. "Angeniambia tu, kaka, nimeacha. Angeitema. Ningekasirika? Hospitali si hapo tu?" Alirudia hivyo mara kadhaa, kisha sauti ikabadilika. "Na mimi ningemuuliza. Mwezi mzima nilikuwa nao. Ningepita nyumbani kwake nikabisha hodi nikamuuliza, kwani vipi? Neno moja tu hilo. Nikaona nitamvunjia heshima."

"Itabidi uje kituoni kuandika maelezo," Inspekta alisema. "Sidhani kuna mtu atakayekushtaki. Lakini lazima iandikwe, ili mama atoke."

"Andika, binti. Andika hata zaidi." Alianza kukusanya vitu vyake, akavisahau, akatoka mikono mitupu.

Jioni ile, kabla ofisi hazijafungwa, mkuu wa kituo alisoma maelezo, akaguna, akaagiza mke wa Fundi arudishiwe vitu vyake. Kaunta walimpa viatu, simu, na mkoba wake mdogo. Inspekta alimweleza pembeni, kwa maneno machache, wiski ilivyoingia kwenye chupa na mkono wa nani. Alitegemea kilio au laana, na alikuwa amejiandaa kwa vyote viwili. Mama alivaa viatu vyake kimoja kimoja.

"Yule mwenye bega la chini," alisema.

"Yuko kwenye ukumbi hapo nje. Ukitaka upitie mlango wa nyuma, nitakupeleka."

"Kwa nini nipite nyuma?"

Mpiga Picha alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao, chini ya tangazo la watu waliopotea. Alipomwona alisimama kwa shida, akataka kupiga magoti, magoti yakakataa katikati.

"Shemeji," alisema. "Shemeji, mimi..."

Mama alimtazama muda mrefu, zaidi bega kuliko uso, kama anahakikisha kitu alichosimuliwa. Watu wa kwenye foleni waliacha mazungumzo yao. Kisha alifungua mkoba akatoa futi ya fundi, ile ya utepe, manjano, iliyochakaa mwanzoni ambako namba zimefutika kwa vidole vya mtu mmoja.

"Mabega alikisia," alisema. "Alikuwa anakutazama kila mwezi, akirudi anapiga chaki. Mikono akasema haikisiwi, lazima umpime mtu. Angekuita akishakwambia."

Mzee hakuelewa. Kisha akaelewa, na Inspekta akageuza uso kutazama ukuta.

"Nyoosha mkono," mama alisema.

Akaunyoosha. Ulikuwa unatetemeka, futi haikukaa. Mama aliushika kifundoni kwa mkono wake wa pili, akaubana mpaka ukatulia, akavuta utepe kutoka kwenye bega lililoshuka mpaka kwenye mfupa wa kiganja. Aliinama kusoma, lakini machozi yalikuwa yamemjaa, namba hazikuonekana.

"Nisomee, mwanangu," alimwambia Inspekta. "Mimi sioni."